Kilo chache zinazookoa afya: Namna ya kupunguza uzani pasipo kujitesa

KWA miaka mingi kitambi kilihesabiwa humu nchini kuwa dalili ya maisha mema. Mwanamume aliyenawiri baada ya kuoa alisifiwa kwamba mkewe anamtunza vyema, naye mwanamke aliyenenepa katika ndoa alisemekana kuwa ametua pazuri. Aliyekonda ndiye aliyeulizwa ana matatizo gani.

Dhana hiyo ilitiwa nguvu na janga la Ukimwi. Katika miaka ya 1980 na 1990, kukonda kulihusishwa moja kwa moja na maradhi hayo, ambayo serikali iliyatangaza kuwa janga la kitaifa mnamo 1999. Mtu aliyepunguza kilo kadhaa kwa hiari yake alijitia katika hatari ya kunong'onezwa na majirani. Wapo walioona ni heri kubaki na unene wao kuliko kueleza kila mara kwamba hawaugui.

Hata hivyo, mambo yamegeuka. Uchunguzi wa kitaifa kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uliofanywa mnamo 2015, ulibaini kwamba asilimia 27 ya Wakenya wenye umri wa kati ya miaka 18 na 69 walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Miongoni mwa wanawake kiwango hicho kilikuwa asilimia 38.5, na miongoni mwa wanaume asilimia 17.5. Uchunguzi huo huo ulionyesha kuwa takriban mtu mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, ilhali zaidi ya nusu ya watu hawakuwa wamewahi kupimwa maradhi hayo maishani mwao.

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya nao ulithibitisha mwelekeo huo. Idadi ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliokuwa na uzani wa kupita kiasi ilipanda kutoka asilimia 25 katika utafiti wa 2008-2009 hadi asilimia 33 katika ule wa 2014.

Takwimu hizo zinatisha, lakini zimeandamana na habari njema ambayo haijawafikia watu wengi. Mtu mnene hahitaji kuwa mwembamba ndipo apate nafuu. Akipunguza asilimia 5 hadi 10 pekee ya uzani wake, na akadumu hapo, hatari ya kupatwa na kisukari hushuka, shinikizo la damu hupungua, magoti hupata ahueni na usingizi huwa mtulivu. Kwa maneno mengine, kilo chache zinazopotea polepole zina manufaa makubwa kuliko kilo nyingi zinazopotea kwa mwezi mmoja na kurejea mwezi wa tatu.

Funzo kutoka Kisii na Nairobi

Baadhi ya watu huamini kwamba shinikizo la damu na kisukari ni maradhi ya ukoo ambayo hayana budi kumfika mtu anapozeeka. Historia ya Kenya yenyewe yakanusha imani hiyo.

Mnamo 1929, daktari Mwingereza C. P. Donnison, aliyehudumu katika hospitali ya wenyeji huko Kavirondo Kusini, eneo lililojumuisha Kisii ya leo, alichapisha matokeo ya kupima shinikizo la damu la watu wapatao 1,000. Aligundua kwamba shinikizo lao halikupanda kadiri walivyozeeka, jinsi ilivyokuwa kwa watu wa Ulaya. Isitoshe, miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini humo kwa muda wa miaka miwili, hakukuta hata mmoja mwenye ugonjwa wa shinikizo la juu la damu.

Miongo kadhaa baadaye, katika miaka ya 1980, watafiti walioongozwa na Neil Poulter waliwafuatilia Waluo waliohama kutoka vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda kutafuta riziki jijini Nairobi. Waliwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 1990 yalidhihirisha kwamba shinikizo la damu la wahamiaji lilianza kupanda muda mfupi tu baada ya kufika mjini. Uzani wao ulikuwa mkubwa kuliko wa wale wa kijijini. Aidha, walikuwa na chumvi nyingi zaidi mwilini ikilinganishwa na potasiamu, madini yanayopatikana kwa wingi katika mboga, matunda na maharagwe.

Wahamiaji hao hawakubadilisha ukoo wala damu ya mababu zao. Kilichobadilika ni chakula, chumvi, mwendo wa kila siku na uzani. Ikiwa mwili waweza kudhoofika kwa muda mfupi kwa sababu ya mabadiliko hayo, basi waweza pia kupata nafuu mambo yanaporekebishwa, na hilo ndilo ambalo tafiti za baadaye zimethibitisha.

Jinsi ya kujua kama uzani umezidi

Kioo na macho ya majirani si vipimo vya kutegemewa. Kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani hupatikana kwa kugawanya uzani wa mtu kwa kilo, kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Mathalani, mtu mwenye urefu wa mita 1.60 na uzani wa kilo 77 huzidisha 1.60 kwa 1.60 na kupata 2.56. Kisha hugawanya 77 kwa 2.56 na kupata 30.

Jibu likiwa kati ya 18.5 na 24.9, uzani ni wa kawaida. Likiwa kati ya 25 na 29.9, uzani umezidi. Likifika 30 na kuendelea, huo ni unene wa kupindukia. Likiwa chini ya 18.5, mtu amekonda kuliko inavyofaa na hapaswi kupunguza uzani kamwe.

Kipimo hiki kilitokana na kazi ya mtaalamu wa takwimu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, katika karne ya 19. Nia yake ilikuwa kuelezea umbo la watu wengi kwa jumla, si kutambua ugonjwa wa mtu mmoja. Ndiyo maana huweza kukosea. Mwanaraga mwenye misuli mikubwa huenda akaonekana mnene kwa hesabu hii, ilhali mtu mwenye mikono na miguu membamba lakini tumbo kubwa huenda akaonekana hana tatizo.

Kwa sababu hiyo, madaktari hupima pia kiuno. Utepe wa fundi cherehani huzungushwa tumboni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu akiwa ameshatoa pumzi. Hatari huanza kuongezeka kiuno cha mwanamume kinapozidi sentimita 94 na cha mwanamke kinapozidi sentimita 80. Huwa kubwa zaidi kinapopita sentimita 102 kwa mwanamume na 88 kwa mwanamke.

Tumbo hutiliwa mkazo kwa kuwa mafuta hayana madhara sawa kila mahali. Yale yaliyo chini ya ngozi ya mapaja na makalio hayana madhara mengi. Yanayojikusanya ndani ya tumbo, yakazingira matumbo na kupenya kwenye ini na kongosho, ndiyo huvuruga kazi ya insulini na kuifanya sukari irundikane katika damu. Kitambi kilichosifiwa kuwa dalili ya neema ndicho hasa chenye hatari.

Manufaa ya kupunguza kidogo

Ushahidi wenye uzito ulitolewa nchini Marekani mwaka wa 2002. Watu 3,234 ambao sukari yao ilikuwa imepanda lakini haijafikia kiwango cha kisukari waligawanywa katika makundi. Kundi moja lilisaidiwa kupunguza asilimia 7 ya uzani na kufanya mazoezi kwa dakika 150 kila wiki. La pili lilipewa dawa ya metfomini, na la tatu vidonge visivyo na dawa. Baada ya takriban miaka mitatu, waliobadilisha maisha walikuwa wamepunguza uwezekano wa kuugua kisukari kwa asilimia 58 wakilinganishwa na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliotumia metfomini walipunguza kwa asilimia 31.

Kwa yule mtu wa kilo 77, asilimia 7 ni kilo 5 na nusu hivi. Bado angeitwa mnene mitaani, lakini mwili wake ungekuwa umeepushwa na hatari kubwa. Isitoshe, walionufaika zaidi na mabadiliko hayo katika utafiti wa Marekani ni wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Hilo lawaondolea wazee kisingizio kwamba wamechelewa.

Hata waliokwisha kuugua wana matumaini. Nchini Uingereza, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2017 chini ya uongozi wa Roy Taylor na Mike Lean uliwahusisha watu 306 waliokuwa na kisukari cha aina ya pili kwa muda usiozidi miaka sita. Waliofuata lishe maalumu ya kalori chache chini ya uangalizi wa kliniki walipimwa baada ya mwaka mmoja. Asilimia 46 sukari yao ilikuwa imeshuka chini ya kiwango cha kisukari bila dawa. Miongoni mwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, asilimia 86 walifikia hali hiyo. Si kwamba ugonjwa ulikuwa umetoweka daima, kwani uzani ukirudi, kisukari nacho hurudi.

Kuhusu shinikizo la damu, tafiti nyingi zilizojumlishwa pamoja zimeonyesha kwamba kila kilo moja inayopungua hushusha shinikizo kwa takriban kipimo kimoja, yaani milimita moja ya zebaki. Kilo tano ni vipimo vitano. Kiasi hicho chaweza kuonekana kidogo, ila kinatosha kumtoa mtu katika ukingo wa kuanzishiwa dawa.

Yapo pia manufaa yasiyopimwa kwa mashine, ambayo ndiyo huyapa maisha ladha. Watafiti wa maumivu ya magoti walibaini mwaka wa 2005 kwamba kila kilo inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Mama mboga anayebeba gunia sokoni, mwalimu anayesimama mbele ya darasa kutwa na bibi anayepanda ngazi za kanisa hulihisi badiliko hilo kabla ya mtu mwingine kuliona.

Anayekoroma na kukatikiwa na pumzi usingizini huanza kulala vizuri, akaamka bila kuumwa na kichwa na bila kusinzia kazini. Mwanamke ambaye hedhi yake imevurugika huweza kurejea katika mzunguko wake. Wapo pia wanawake ambao hupitwa na mkojo wanapocheka au kukohoa, tatizo linalofichwa kwa aibu. Utafiti wa Marekani wa mwaka wa 2009 uliwahusisha wanawake 338 wenye tatizo hilo. Waliopunguza wastani wa asilimia 8 ya uzani kwa miezi sita walipata upungufu wa asilimia 47 wa visa vya kupitwa na mkojo kwa wiki, ikilinganishwa na asilimia 28 kwa wale waliopewa mafunzo pekee.

Kwa nini kujinyima chakula hakufaulu

Wengi wanaoamua kupunguza uzani huanza kwa pupa. Huacha kula chakula cha jioni, hunywa maji ya ndimu pekee au hukata wanga wote kwa siku moja. Kilo tatu huondoka katika wiki ya kwanza, nao hushangilia. Sehemu kubwa ya kilo hizo huwa ni maji, wala si mafuta.

Kisha mwili hupinga. Kwa mamilioni ya miaka mwanadamu aliishi akiogopa njaa, hivyo mwili wake huchukulia kupungua kwa mafuta kuwa tishio. Homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka wa 1994, hutolewa na mafuta na kuuarifu ubongo kuwa akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka. Grelini, iliyogunduliwa mwaka wa 1999 na ambayo hutoka tumboni, hupanda na kuchochea njaa. Mnamo 2011, watafiti nchini Australia walionyesha kwamba homoni za njaa za watu waliopunguza uzani kwa haraka zilikuwa bado zimevurugika mwaka mmoja baadaye.

Mateso ya njaa yalidhihirika pia katika Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani mnamo 1944 na 1945. Ancel Keys aliwapa vijana wa kiume 36 waliojitolea chakula kidogo kwa miezi sita hadi wakapoteza karibu robo ya uzani wao. Walikuwa watu wenye afya na azma. Hata hivyo, walianza kuota vyakula, kusoma vitabu vya mapishi, kununa na kukosana. Waliporuhusiwa kula, baadhi yao walikula kupita kiasi na bado wakahisi njaa.

Kwa hivyo, anayeshindwa na lishe ya kujitesa si mvivu wala mlafi. Ameshindana na mwili uliojihami. Wala kumcheka mnene au kumbandika majina ya kejeli si tiba, kwani humfanya ajifungie nyumbani na kutafuta faraja katika chakula kile kile. Njia inayofaa ni kupunguza polepole, nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, kwa mtindo ambao mtu anaweza kuishi nao kwa miaka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho hupunguzwa vivyo hivyo.

Sahani ya Mkenya

Habari ya kufurahisha ni kwamba hakuna chakula cha bei ghali kinachohitajika. Chakula cha kupunguza uzani kipo sokoni Gikomba, Kongowea na Kibuye. Kanuni rahisi ni kuigawa sahani. Nusu iwe mboga, kama vile sukumawiki, kabichi, managu, terere, saga au kunde. Robo iwe ndengu, maharagwe, omena, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Robo iliyosalia ndiyo iwe ugali, wali, viazi au chapati.

Katika nyumba nyingi sahani huwa kinyume cha hivyo. Ugali huwa mlima, na sukumawiki huwa kitoweo kidogo kando yake. Hakuna haja ya kuuacha ugali. Kinachotakiwa ni kipande kisichozidi ukubwa wa ngumi, na unga usiokobolewa, au uliochanganywa na wimbi na mtama, kwa kuwa nyuzinyuzi zake huchelewesha njaa. Githeri yenye maharagwe mengi kuliko mahindi ni chakula bora kabisa, na huharibiwa tu na mafuta yanayomiminwa bila kipimo.

Mafuta ya kupikia ndiyo mlango ambao kalori huingilia kimyakimya. Gramu moja ya mafuta ina kalori tisa, ilhali gramu moja ya wanga au protini ina kalori nne. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kalori 120. Mpishi anayepima kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye chupa anaweza kuiondolea familia yake mamia ya kalori kwa siku bila yeyote kulala njaa. Mandazi, chapati za mafuta, chipsi na bajia hazina budi kuwa vya siku moja moja, si vya kila asubuhi na jioni.

Mlango wa pili ni sukari. Anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vya sukari, humeza vijiko 12, ambavyo ni gramu 48 na takriban kalori 190. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka wa 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani gramu 50 hivi kwa mtu anayehitaji kalori 2,000. Chai pekee imekwisha kulimaliza fungu hilo. Chupa ya nusu lita ya soda hubeba kiasi kama hicho kwa mara moja. Kupunguza kijiko kimoja kila baada ya wiki mbili huupa ulimi nafasi ya kuzoea.

Pombe nayo husahaulika. Gramu moja ya kileo ina kalori saba, na bia ya nusu lita hubeba karibu kalori 200 kabla ya nyama choma kuagizwa. Chumvi haimnenepeshi mtu, ila hupandisha shinikizo la damu. Isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika vitoweo vya pakiti.

Miguu ni dawa

Watu wengi hutarajia mazoezi yawaondolee kilo. Ukweli ni kwamba kutembea kwa kasi kwa nusu saa hutumia kalori 150 hivi, ambazo hurudishwa na soda moja ndogo na andazi. Chakula ndicho hupunguza uzani, nayo mazoezi huuzuia usirudi. Isitoshe, mazoezi huilinda misuli, huimarisha moyo, hushusha sukari na hupunguza huzuni hata pale mizani isipoonyesha badiliko lolote.

Shirika la Afya Duniani lilihimiza mwaka wa 2020 kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, na ya kujenga misuli angalau siku mbili. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Mazoezi ya wastani ni yale yanayomruhusu mtu kuzungumza lakini si kuimba.

Si lazima kulipia ukumbi. Kushuka kutoka kwenye matatu vituo viwili kabla ya nyumbani, kupanda ngazi badala ya lifti, kulima, kuteka maji, kucheza ngoma na kuruka kamba vyote vinahesabika. Mtu mnene sana au mwenye magoti yanayouma aanze na dakika 10, kisha aongeze kidogo kidogo. Kuinuka na kuketi kwenye kiti mara 10 bila kutumia mikono ni zoezi zuri la mapaja.

Chai, mishipi na sindano

Pale penye shida, walaghai hawakosekani. Mitaani huuzwa chai za kuyeyusha mafuta, vidonge visivyo na maelezo na mishipi ya kubana tumbo. Chai nyingi za aina hiyo hutiwa majani yanayoendesha tumbo. Anayezinywa hupoteza maji na madini, kisha mizani humdanganya. Baadhi ya vidonge vinavyouzwa kama dawa za miti shamba vimepatikana vikiwa na sibutramini, kemikali iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka wa 2010 baada ya kuhusishwa na mshtuko wa moyo na kiharusi. Mshipi nao hubana ngozi tu, na mafuta hubaki mahali pake.

Dawa zilizothibitishwa zipo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2021, sindano za semaglutidi ziliwapunguzia watu karibu asilimia 15 ya uzani wao kwa wastani katika wiki 68. Lakini ni za bei ya juu, huweza kuleta kichefuchefu na kutapika, na hutakiwa kuandikwa na daktari. Ilibainika pia kwamba walioacha kuzitumia walirudisha takriban theluthi mbili ya uzani walioupoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa hivyo hata anayezitumia habanduki katika suala la chakula na mwendo.

Wanaohitaji tahadhari

Mjamzito hapaswi kuanza kujipunguza, na anayenyonyesha ashauriane na mhudumu wa afya kwanza. Mtoto anayekua huhitaji kula vizuri na kucheza, si kuwekewa mizani na kunyimwa chakula. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari amwone daktari kabla ya kupunguza chakula, kwa kuwa sukari yaweza kushuka ghafla hadi akazirai. Anayemeza dawa za shinikizo la damu apimwe mara kwa mara, huenda akahitaji kupunguziwa kipimo. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

La muhimu zaidi, anayepungua pasipo kukusudia asishangilie. Kukonda bila sababu kwaweza kuwa dalili ya kifua kikuu, kisukari, virusi vya Ukimwi, ugonjwa wa tezi au saratani. Huyo aende hospitalini bila kuchelewa.

Kudumu ndio ushindi

Nchini Marekani, Rena Wing na James Hill walianzisha mwaka wa 1994 daftari la kuwaandikisha watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kudumu hivyo kwa mwaka mmoja au zaidi. Njia walizotumia kupunguza zilitofautiana. Waliyofanana ni mambo machache ya kila siku. Asilimia 78 walikula kiamsha kinywa kila siku, asilimia 75 walijipima angalau mara moja kwa wiki, na asilimia 90 walifanya mazoezi kwa wastani wa saa moja kwa siku. Walio wengi hawakutazama runinga kwa muda mrefu.

Mambo hayo hayana uchawi wowote, na yote yamo katika uwezo wa familia ya kawaida ya Kenya. Ni rahisi zaidi yanapofanywa na nyumba nzima. Mama akipikiwa sahani yake peke yake huku wengine wakila chipsi, hatafika mbali. Nyumba ikikubaliana kwamba mboga ziongezwe, sukari ipunguzwe na soda iwe ya sherehe, aliye mnene hupungua na aliye mwembamba hukingwa.

Jamaa na majirani nao wana wajibu. Anayepungua kwa hiari yake asiulizwe anaugua nini, wala anayejaribu na kuteleza asichekwe. Apongezwe kwa kilo mbili kama anavyopongezwa mtu aliyeanza kuweka akiba. Mwenye kilo 77 aliyefika 72 na kubaki hapo mwaka mzima hajawa mwembamba machoni pa watu, lakini moyo wake, kongosho lake na magoti yake yameshapata nafuu. Hatua ya kwanza ni kwenda kituo cha afya kilicho karibu ili kupimwa uzani, kiuno, shinikizo la damu na sukari, na kuviandika vipimo hivyo ili vilinganishwe na vya miezi mitatu ijayo.